Kabla mgonjwa hajasaini fomu ya upasuaji

Kama kazi yako ni kuchukua ridhaa ya mgonjwa, acha kumuuliza "Umeelewa?" Wengi hujibu ndiyo, hata walioachwa njia panda, maana nani anataka kuonekana mzito mbele ya daktari? Mwambie hivi: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utawaambiaje wenzako kuhusu upasuaji huu?" Kisha nyamaza. Akisema "mtanitoa uvimbe wa utumbo" bila kugusia kwamba huenda akazinduka na mfuko wa kukusanyia choo uliobandikwa tumboni, rudia sehemu hiyo tu, halafu muulize tena. Ni dakika chache.

Hatari zitaje kwa idadi ya watu: "kati ya wagonjwa 100, wawili hupata tatizo hili" humwingia mtu haraka kuliko asilimia. Mweleze na njia nyingine za matibabu, pamoja na kitakachotokea asipopasuliwa kabisa, jambo ambalo husahaulika mno. Yote haya yafanyike mapema, si akiwa kwenye machela mlangoni pa thieta, ameshapewa dawa ya kumtuliza. Saini ya hapo ni karatasi tu. Na hata akishasaini, anaruhusiwa kughairi. Aambiwe hivyo waziwazi.