Kabla hujaenda dukani kununua waya wa betri ya trela lako

Mgosi mmoja wa huku Chumbageni, Tanga, kanipigia juzi, kapata trela la kulala la mtumba, yale ya kukokota nyuma ya gari, anataka alifunge betri na sola awe anaenda nalo Pangani na Ushongo na familia, na swali lake lilikuwa moja tu: "nikachukue waya namba ngapi?" Nikamwambia hilo swali halina jibu, ni kama kumwambia fundi cherehani nishonee suruali afu hutaki kupimwa kiuno. Akacheka, ila najua kama nisingemzuia angeshuka madukani Ngamiani akachukua ule waya wa 2.5 (yaani milimita 2.5 za mraba) wa kufungia nyumba, roli zima, akaja kufunga trela lote kuanzia taa mpaka inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe wa 230 kama wa nyumbani.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na kwa wengine walio njiani kununua, maana pesa ya betri watu wanayo, pesa ya waya ndio inawauma.

Cha kwanza chukua karatasi kaa ndani ya trela, andika kila kitu kitakachokula umeme na wati zake. Taa za LED, pampu ya maji, friji ndogo ya volti 12, feni, chaja za simu, na inveta kama utaweka. Wati ukigawa kwa 12 unapata ampea. Taa ya wati 6 ni nusu ampea tu, haina shida na mtu. Friji ya wati 60 ni ampea 5. Sasa njoo kwenye inveta ya wati 1000 hapo ndio watu wanashtuka: yenyewe inapoteza kama asilimia 10 kwa joto lake, afu betri ikiwa inafanya kazi volti zinashuka kuelekea 11, kwa hiyo ikibebeshwa mzigo wote inavuta kama ampea 100. Mia moja! Nyumbani kwako kitu hichohicho cha wati 1000 kinavuta ampea 4 na kitu kwa sababu kule ni volti 230. Ndio maana uzoefu wa waya za nyumbani haukusaidii hapa, unakupoteza kabisa, na mafundi wazuri tu wa majumbani nimewaona wakiteleza hapohapo.

Cha pili ni futikamba. Pima njia yenyewe waya utakapopita, sio kukisia kwa macho. Unapanda ukutani, unazunguka kabati, unapita chini ya kitanda, ukija kuhesabu ile uliyodhani mita 2 inakuwa 4. Na ukishapata hiyo 4 izidishe mara mbili, kwa sababu umeme unaenda na unarudi, chanya ina njia yake na hasi ina njia yake, zote mbili zinakula volti. Hapa ndio pana kosa moja kubwa, mtu ananunua waya mnene mwekundu afu mweusi anachukua mwembamba eti "huo ni wa athi tu". Hapana. Unene ni uleule pande zote. Na usitegemee chasisi ya trela iwe ndio waya wa kurudi, huku kwetu pwani chuma kinaliwa na chumvi, ukija kushtuka umeme wako unapita kwenye kutu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, simu inatosha. Ampea mara mita zote za kwenda na kurudi, mara 0.0175, gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zitakazopotea njiani. Hiyo 0.0175 ni ya shaba, yaani kopa. Tuchukue ile friji, ampea 5, mita 4 kwenda, jumla mita 8. Kwa waya wa 1.5 unapoteza volti 0.47, karibu asilimia 4 ya volti 12. Kwa 2.5 unapoteza 0.28, hapo vizuri. Mimi kwa friji, pampu na chaja sitaki ipite asilimia 3, yaani volti 0.36, taa naweza kuzivumilia zaidi kidogo. Friji za volti 12 nyingi zina kinga ndani yake, zikiona volti zimeshuka zinajizima ili zisiue betri, sasa kama waya ndio unaokula volti friji inadhani betri imeisha kumbe betri bado imejaa, samaki wako wanaharibika na wewe unalaumu sola.

Hili nalijua kwa kuumia. Trela la kwanza tulilofunga mimi na shemeji yangu, betri tuliweka nyuma, inveta tukaweka mbele karibu na jiko kwa sababu ndiko palipokuwa na nafasi, katikati tukavuta waya wa 10 mita 5. Machoni mwetu ulikuwa mnene kweli. Tumefika Ushongo usiku, tumechoka na vumbi, mtu kachomeka jagi la umeme la wati 800 apate chai, inveta ikaanza kupiga kelele piii piii ikazima. Asubuhi tena. Tukasema betri mbovu, tumeuziwa betri mbovu, na shemeji alishaanza kumtukana muuzaji kwenye simu. Bahati nilikuwa na maltimita, kile kipimo cha umeme, kwenye begi, nikapima pale kwenye betri jagi likiwa linachemka: volti 12.3. Nikapima kwenye inveta: 10.8. Volti moja na nusu imebaki njiani! Piga ile hesabu mwenyewe, ampea 80, mita 10, waya wa 10, unapata 1.4, na ile nyingine ndogo ilikuwa kwenye maungio. Volti 1.4 mara ampea 80 ni wati 112, yaani ni kama tumewasha balbu ile ya zamani ya wati 100 tukaificha chini ya zulia. Nilipogusa waya nikautoa mkono haraka.

Dawa haikuwa betri mpya wala kuvuta waya mnene zaidi kwa mita zote zile 5. Tulihamisha inveta ikakaa ukutani mita moja kutoka kwenye betri, waya mfupi mnene, afu kutoka kwenye inveta kwenda jikoni tukapitisha umeme wa 230 kwa waya wa kawaida wa 2.5. Volti kubwa isafiri mbali, volti 12 ikae karibu na betri. Kama mtu anataka inveta ya wati 2000 mimi namshauri kabisa aache habari za volti 12, aende 24, ampea zinapungua nusu na bei ya waya inamshukia. Na kama betri yake ni lithiamu ya ampea-saa 100 aangalie kwanza ile BMS, saketi ya ndani inayoilinda betri, inaruhusu ampea ngapi, nyingi za saizi hiyo zinaishia 100, sasa inveta ya 2000 juu yake utaweka urembo.

Kitu kingine kabla hujaandika saizi ya mwisho ni joto, na hili ni tofauti na kupotea kwa volti. Waya ukiwa mfupi hesabu ya volti itakwambia hata 10 inatosha, lakini waya huohuo utaiva. Waya wa kawaida wenye ganda la plastiki la nyuzi joto 70, ukiwa umefungwa ukutani kwenye hewa ya nyuzi 30, ule wa 10 unabeba kama ampea 63, wa 16 kama 85, wa 25 kama 112, wa 35 kama 138. Sasa trela limefungwa madirisha, liko juani Raskazone saa nane mchana mwezi wa pili, ndani mle ni 50 bila ubishi, na kwa joto hilo waya huo unabakiwa na asilimia kama 70 tu ya uwezo wake. Zifunge nyaya kadhaa zenye mzigo fungu moja ndani ya paipu, unapunguza tena. Kwa hiyo kwa inveta ya wati 1000 mimi naenda na 35, tena wenye ganda la kuhimili nyuzi 90 au 105, najua ni ghali, ila ni mita 2 tu jumla jamani.

Dukani sasa. Usiseme namba peke yake. Kuna namba za Marekani za AWG ambazo zinakwenda kinyume, namba ikiwa ndogo waya ndio mnene, AWG 10 ni milimita za mraba 5 na kidogo, wakati wa 10 wa kwetu ni mara mbili yake. Mtu kasoma maelekezo ya Kizungu yanasema "10", kaja kununua 10, hapo amepona kwa bahati, ila kasoma "2" kachukua 2.5 hapo trela linaungua, maana AWG 2 ni karibu 34. Taja milimita za mraba, basi.

Afu kuna hizi waya za alminiamu zilizopakwa kopa kwa juu. Zimejaa, hasa zile nyekundu nzuri zinazong'aa za kufungia spika za gari. Nene kwelikweli, ila nusu ya unene ni plastiki na ndani alminiamu, na alminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa. Ukiushika roli mwepesi mwepesi, shtuka. Chukua uzi mmoja kwangua na wembe: ndani ukiwa mweupe ni alminiamu, ukiwa mwekundu ni kopa. Ila usichanganye na kopa iliyopakwa bati, ile nje nyeupe ndani nyekundu, hiyo ndio bora kuliko zote kwa sisi wa pwani, ukiipata usiiachie.

Angalia pia nyuzi. Waya wa uzi mmoja mgumu wa kwenye nyumba haufai kwa trela, barabara ya vumbi ikitikisa siku tatu unakatika ndani ya ganda huoni. Unataka nyuzi nyingi nyembamba. Kwa zile nene, kebo ya mashine ya kuchomelea ya kopa halisi ni nzuri na laini, inapinda vizuri kwenye kona, ila ipitishe mbali na mafuta na jua.

Fyuzi wengi wanaikumbuka mwisho, wakati ilitakiwa inunuliwe siku moja na waya. Fyuzi inalinda waya, sio friji. Mpangilio ni huu: mzigo uwe chini ya fyuzi, fyuzi iwe chini ya uwezo wa waya. Inveta ya ampea 100, fyuzi ya 125, waya unaobeba zaidi ya 125 kwa joto lile la ndani. Na ikae karibu na chanya ya betri, kabla ya sentimita 20, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Betri ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea kwa mpigo, spana inayeyuka mkononi. Kwa lithiamu usiweke fyuzi yoyote tu ya bei rahisi, tafuta aina ya Class T, inaweza kukata shoti kubwa bila cheche kuruka na kuendelea kuwaka humohumo ndani ya fyuzi.

Waya unaotoka kwenye gari kuja kuchaji betri ya trela una ujanja wake. Kutoka betri ya gari mbele mpaka kwenye trela ni mita kama 8, kwenda na kurudi 16. Ukitegemea ule waya mwembamba wa plagi ya taa, tuseme 2.5, kwa ampea 40 unapoteza volti 4 na nusu, hapo hamna kinachochaji. Weka 16 unapoteza 0.7, na mbele ya betri ya trela weka chaja ya DC-DC ipandishe volti. Huo waya una betri pande zote mbili, kwa hiyo fyuzi ni mbili, moja kila upande. Waya wa sola kutoka paneli za wati 200 juu ya paa, 4 inatosha kwa trela la kawaida, sina mengi ya kusema hapo.

Bajeti ya lagi (vile vichwa vya chuma vya kufungia waya kwenye betri) na krimpa (koleo la kuvibana) itenge mapema. Lagi ya 35 kwa waya wa 35, usikate nyuzi kadhaa ili waya uingie kwenye lagi ndogo, na usigonge kwa nyundo. Krimpa ya hydroliki hata ya kuazima, kuna mafundi mjini wanakubania kwa pesa ndogo ukiwapelekea waya umeshaukata. Lagi zikikosekana Tanga zinaagizwa Kariakoo zinapanda basi, kesho unazo. Ukishabana funika na mpira ule unaojikaza kwa joto, upepo wa bahari ukiingia humo kopa inageuka kijani ndani ya mwaka.

Mgosi wangu karatasi yake sasa iko hivi: 35 kwa inveta, 16 kutoka kwenye gari, 4 kwa sola, 2.5 kwa friji na pampu, 1.5 kwa taa. Nimemwambia siku akimaliza asikimbilie Pangani, awashe kila kitu kwa pamoja nusu saa hapohapo uani, apime volti kwenye betri na kwenye kila kifaa, afu apitishe mkono kwenye kila lagi. Yenye joto kuliko waya wake imebanwa vibaya, akate arudie.