Laptopu Imekufa, Mafaili Bado Yamo: Namna ya Kuyatoa

Laptopu ikigoma kuwaka, mara nyingi kilichokufa ni mazabodi (bodi kuu ya ndani), kioo au tundu la chaji. Diski, palipo na picha za harusi na hesabu za duka, inaweza kuwa nzima kabisa. Kwa hiyo kabla hujaipeleka Kariakoo na kuambiwa "njoo Jumamosi", jaribu mwenyewe. Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota, waya wa kuunganishia diski kwenye USB, kompyuta nyingine nzima, na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Diski ya zamani utaisoma tu. Usiiandikie kitu chochote.

Hatua ya 1: Itoe diski

Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Laptopu nyingi za zamani zina kifuniko kidogo kwa chini. Za sasa hufunguliwa mgongo mzima. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la laptopu kwenye karatasi na kila skrubu uiweke pale ilipotoka.

Hatua ya 2: Jua ni diski ya aina gani

Watu wengi hupoteza hela hapa kwa kununua waya usioingia. Diski ya laptopu yenye upana wa inchi 2.5 na mdomo bapa uliogawanyika sehemu mbili ni SATA. Waya wake unapatikana kirahisi, na umeme wa USB huitosha. Ukiona safu mbili za pini nyembamba, hiyo ni IDE ya laptopu za zaidi ya miaka 15 iliyopita, na waya wake ni mwingine. Kama ni kijibao chembamba mfano wa kipande cha RAM, hiyo ni M.2. M.2 nazo zipo za SATA na za NVMe, na kasha la USB la aina moja huenda lisiisome nyingine. Nenda dukani na diski yenyewe mkononi, uijaribu papo hapo kabla ya kulipa.

Wenye MacBook za miaka ya karibuni, samahani: hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi, hakuna cha kuchomoa. Hiyo ni kazi ya fundi wa mazabodi.

Hatua ya 3: Isikilize

Chomeka, kisha sogeza sikio. Diski nzima inayozunguka hutoa mvumo laini. Ikigonga "ta, ta, ta" kwa mpigo, au ikijaribu kuzunguka na kukwama, ichomoe hapo hapo. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na kila dakika ya kugonga inaweza kukwangua data. Usiifungue. Wala usiiweke kwenye friza kama watu wanavyoshauriana mitandaoni: kwa unyevu wa hewa ya Dar, ukiitoa tu inatoka jasho, na maji yakiingia ndani umeimaliza. Diski ya namna hiyo inataka chumba kisicho na vumbi na mtaalamu mwenye vifaa, na gharama yake si ya kitoto. Jiulize kwanza kilichomo kina thamani gani kwako.

Laptopu iliyolowa mafuriko nayo usiijaribu kwa umeme kwanza.

Hatua ya 4: Ifungue bila kubonyeza ovyo

Windows ikikwambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, bonyeza Cancel na uruke mpaka hatua ya 6. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayoficha data ya diski) wenye tarakimu 48, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye laptopu ile. Mara nyingi umehifadhiwa huko. Bila ufunguo huo, fundi anayekuahidi kuifungua anakula nauli yako.

Hatua ya 5: Nakili

Nenda kwenye folda ya Users, kisha jina la mwenye laptopu. Ukiambiwa huna ruhusa, bonyeza Continue na usubiri. Nywila ya kuingilia Windows peke yake haifungi mafaili. Chukua Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Mwenye duka anayetumia QuickBooks asisahau kupekua Users\Public\Documents, maana mafaili ya kampuni kwa kawaida hukaa humo. Anza na vitu usivyoweza kuvipata tena, filamu zisubiri.

Faili likizidi GB 4 na flashi yako ikalikataa, imefomatiwa kwa FAT32. Tumia ya exFAT au NTFS. Na kama kompyuta unayonakilia ni ya mezani, iwe na UPS, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi huisaidii diski iliyochoka.

Hatua ya 6: Ikisoma kwa kusuasua

Usiendelee kunakili folda moja moja. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, tambua diski kwa amri ya lsblk, halafu vuta taswira ya diski nzima, yaani nakala yake yote ndani ya faili moja, ukiwa ndani ya diski ya nje iliyo kubwa kuliko ya zamani:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Badilisha sdb kulingana na ulichoona; ukikosea herufi utanakili diski nyingine. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuruka mbovu, na faili la map huiwezesha kuendelea pale ilipoishia. Ikimaliza, rudia sehemu ngumu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Kisha fanyia kazi ile taswira, diski ipumzike. Programu ya TestDisk hurudisha pati (vigawanyo vya diski) zilizopotea. PhotoRec huchimba picha na nyaraka, ila majina yake ya awali hupotea, hivyo jiandae kupanga upya. Kwa mafaili yaliyofutwa kwenye SSD (diski isiyozunguka, kama M.2) matumaini ni madogo, kwa sababu diski hizo hujisafisha zenyewe baada ya kufuta.

Diski ya zamani usiiuze wala kuifomati mpaka umefungua nakala kadhaa, hasa video ndefu na faili la hesabu. Jina kuonekana kwenye folda si uthibitisho kwamba faili linafunguka.