Mbolea ya Miti ya Kizimba cha Lumbwi

Lumbwi, ndiye kinyonga, kwa kawaida hanywi maji ya kisahani. Hulamba matone kwenye majani. Basi chochote unachopuliza juu ya jani, umemnywesha yeye.

Mimi nililijua hilo baada ya kukosea. Nilipuliza busta, mbolea ya maji ya kupuliza majani, kwenye mti wa kizimbani jioni, na kesho yake mchana kweupe nikamkuta amefumba macho. Lumbwi anayefumba macho mchana si mzima. Nilimtoa, nikauosha mti kwa maji ya mvua jani moja moja, juu na chini. Siku ya nne akala panzi. Kama ilikuwa busta au jengine, siapi, ila tangu hapo mbolea haiingii kizimbani kwangu. Mti ndio unaotoka kuifuata.

Nina hibiskasi tatu, miti ya maua, kwenye ndoo za lita kumi zilizotobolewa chini. Mmoja uko ndani, miwili inapumzika uani chini ya mwembe. Mti ukitoka tu naulisha siku hiyo hiyo: viganja viwili vya samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, naichanganya na udongo wa juu. Samadi iliyoiva hunuka udongo wa mvua ya kwanza. Ikikuchoma pua, irudishe ikaoze. Ya kuku mbichi usiiguse kabisa. Kisha namwagilia mpaka maji yatoke chini, na mwezi mzima hauingii ndani. Siku moja kabla ya kuingia nauosha majani.

Mbolea ya chumvichumvi, ile ya kiwandani, jina lake linajieleza. Chembe zake zikibaki juu ya udongo, mnyama wa kizimbani huweza kuzimeza. Hata miche ya kununua ikague: ukiona vijipira vidogo kwenye udongo, hiyo ni mbolea ya kuyeyuka polepole. Kung'uta udongo wote, osha mizizi, panda upya.

Sasa makumbi, yaani maganda ya nyuzi ya nazi, maana hapa Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, ndiyo rahisi kupata. Yanaufanya udongo uwe mwepesi na ushike unyevu. Lakini makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa pwani miezi mingi, yakanywa bahari. Ukiyatia kwenye ndoo hivyo hivyo, ncha za majani zitakauka rangi ya kahawia, nawe utadhani mti una njaa, uzidishe mbolea, uumalize. Mimi nayaroweka usiku kucha, namwaga, narudia mara tatu nne, kisha naonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Mke wangu hucheka. Yakiwa bado na chumvi, narudia. Kisima chetu chenyewe kina chumvi, kwa hiyo maji ya masika nayaweka kwenye pipa kwa kazi hii.

Kinyesi cha lumbwi usikiachie mti eti ni mbolea. Kile cheupe ni mkojo mkavu, na kinyesi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Nakiokota kila asubuhi, naosha mikono kwa sabuni, ndipo nashika mkate.

Udongo wa ndoo iliyo ndani naufunika kwa kokoto kubwa kuliko kichwa cha lumbwi, asije akazimeza.