Kabla ya kuhamishia mimea ya ndani kwenye vyungu vipya wakati wa vuli

Vuli ninayoizungumzia hapa si ile ya mvua. Ni majira ya majani kupukutika, ambayo kaskazini mwa dunia huanza Septemba na kusini huanza Machi. Siku zikianza kufupika, mmea wa ndani huhisi mapema. Chumba kinaweza kuwa na joto lilelile la kiangazi, lakini mwanga wa dirishani umepungua, na mmea hupunguza mwendo: jani jipya huchelewa kuchomoza, mizizi hukua polepole, maji hukaa chunguni siku nyingi zaidi. Mzizi uliokatika mwanzoni mwa kiangazi hupona upesi. Ukikatika sasa, unabaki na kidonda ndani ya udongo wenye majimaji, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chungu au udongo, jiulize kama mmea unahitaji kuhamishwa sasa hivi.

Usiamue kwa kutazama majani, tazama chini. Inua chungu uangalie matundu yake. Mizizi ikiwa imetokeza nje, au maji yakipita moja kwa moja hadi kwenye kisahani bila udongo kuyanywa, au chungu cha plastiki kikiwa kimetuna ubavuni, mmea umebanwa. Ili kuhakikisha, mwagilia leo, kisha kesho kilaze chungu kwa ubavu, ukigongegonge, uchomoe mmea taratibu huku umeshika shina karibu na udongo. Nilipouchomoa mmea wangu wa buibui, ule wenye majani membamba ya mistari myeupe, udongo uliobaki haukujaza hata kiganja. Kilichobaki chote kilikuwa mizizi minene, myeupe, iliyojaa maji, imejizungusha hadi ikachukua umbo la chungu pamoja na mikunjo ya kitako chake. Ule haukuwa wa kungoja.

Mizizi mizima huwa myeupe au rangi ya maziwa, na ukiibonyeza inakaza. Ukikuta ya kahawia, laini, inayochubuka ukiivuta kidogo, na harufu kama ya kinamasi, huo ni uozo, na uozo hausubiri msimu. Kata sehemu mbovu zote, kisha upande mmea kwenye udongo mpya usiolowa sana, katika chungu kidogo zaidi kuliko cha awali. Lakini ukikuta mizizi ni mizima na bado ina nafasi, urudishe mmea ulikotoka.

Iko mimea ambayo haina haraka kabisa. Sansevieria, yenye majani yaliyosimama wima kama panga, hukaa miaka ikiwa imebanwa na haidhuriki. Zamiokulkasi, yenye majani manene yanayong'aa, nayo huhifadhi maji kwenye mashina yake manene yaliyo chini ya udongo. Kakati (dungusi) ya Krismasi ndiyo ya kuacha kabisa kwa sasa: hutunga vitumba vyake kipindi hikihiki, na ukiisumbua inaweza kuviangusha vyote. Ngoja ichanue kwanza.

Kwa mimea mingi, kwa maoni yangu, kinachotosha vuli ni kuondoa sentimita 2 au 3 za udongo wa juu kwa kijiko na kuweka mpya. Uondoe na ule ukoko mweupe wa chumvi unaoganda juu. Mizizi haiguswi, na mmea unapata udongo safi wa kuusogeza hadi majira ya kuchipua.

Ukishaamua kuhamisha, fanya mwanzoni mwa vuli. Mizizi inahitaji wiki kadhaa za mwanga wa kutosha ili ishike udongo mpya. Miaka michache iliyopita nilihamisha spathifilamu, mmea wa ndani wenye maua meupe, vuli ikiwa inaisha, tena kwenye chungu kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza, nikiamini naufanyia mmea hisani. Baada ya wiki tatu nilichomeka kidole na kukuta udongo bado umelowa. Majani yalikuwa yamelegea kama yana kiu, nami nikaongeza maji. Nilipokuja kuuchomoa, mizizi ilikuwa imebaki nyuzi tupu. Iliniuma, kwa sababu mmea ule ulikuwa mzima kabisa kabla sijaugusa.

Tangu hapo sizidishi kipimo. Chungu kipya kiwe kipana zaidi kwa sentimita 2 hadi 5 tu kuliko cha zamani, kwani udongo usio na mizizi hauna wa kuyanywa maji yake. Matundu chini ni lazima. Wengi huweka kokoto kwenye kitako wakidhani zinasaidia maji kutoka, lakini maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo huo ulowe kabisa. Matokeo yake ni kuisogeza sehemu yenye majimaji karibu zaidi na mizizi. Kama mkono wako ni mwepesi wa kumwagilia, chagua chungu cha udongo wa mfinyanzi, kwa sababu hupitisha hewa na hukauka upesi kuliko cha plastiki. Kikiwa kipya, kiloweke kwanza, la sivyo kitafyonza maji ya mmea. Cha zamani kisugue, ukiloweke dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, kisha ukisuuze vizuri.

Udongo wa bustanini uache nje. Chunguni hushikana kama tofali, na huingiza wadudu ndani ya nyumba. Tafuta mchanganyiko mwepesi, kwa mfano wa mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ukiongeza perliti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano. Kwa kakati na mishubiri, perliti au mchanga wa chenga kubwa unaweza kufika nusu. Mfuko ukiwa umekaa mahali pa baridi, uingize ndani siku moja kabla. Lowesha mchanganyiko mapema pia, maana ukikauka sana hukataa maji: ukiukamata kwenye ngumi ushikane, lakini usichuruzike.

Mimea iliyokaa nje kiangazi ikaguliwe kabla ya kuguswa, nayo iingie ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Geuza majani. Tafuta vijidudu vyeupe kama pamba kwenye makutano ya jani na shina, na utando mwembamba wa utitiri. Itenge na mingine kwa wiki mbili hivi.

Vifaa ni vichache: mkasi uliofutwa kwa spiriti, magazeti ya kutandaza, na glavu ukishughulikia difenbakia, mmea wenye majani makubwa yenye madoa, kwa kuwa utomvu wake huwasha vibaya. Watoto na paka wasiwe karibu.

Amua pia, kabla hujaanza, mmea utakaa wapi baadaye. Uwe karibu na dirisha lenye mwanga lakini lisilopigwa na jua kali, mbali na kipasha joto na mbali na kioo chenye baridi. Mwagilia mara moja, acha maji yote yatoke, umwage ya kwenye kisahani. Kakati na wenzake wangoje kama wiki moja ndipo wapate maji ya kwanza. Mbolea iweke kabatini mpaka majira ya kuchipua. Na maji yakishachuruzika yote, inua chungu kwa mikono miwili, uzito ule uukariri. Kila baada ya siku chache kiinue tena, na usiongeze tone mpaka kiwe chepesi na udongo wa juu umekauka hadi pingili ya kwanza ya kidole.