Jinsi ya Kuhalalisha Vyeti Kabla ya Kwenda Kufundisha Kiingereza Nje ya Nchi

Mhuri uliogongwa kabla ya zamu yake unaweza kukurudisha mwanzo. Mara yangu ya kwanza kuandaa nyaraka nilianza na cheti cha polisi, kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi kupatikana. Kisha nikakaa kusubiri barua ya chuo ya kuthibitisha shahada yangu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Siku mwajiri aliponiambia nitume kila kitu, cheti cha polisi kilikuwa kimevuka miezi 6. Nikarudia alama za vidole, nikarudia wizarani, nikarudia ubalozini, na muhula ukaanza bila mimi. Kila hati niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli na ilikuwa na mihuri yake. Nilikosea mpangilio tu, na ndiyo maana mwongozo huu unashikilia mpangilio kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Pata masharti ya nchi unayokwenda

Usiende ofisi yoyote kabla hujashika orodha ya masharti, na uichukue sehemu mbili: kwa mwajiri na kwa ubalozi wa nchi hiyo. Zikitofautiana, mwombe mwajiri akueleze tofauti hiyo kwa maandishi, na mpaka akujibu fuata ya ubalozi, kwa sababu viza haitolewi na shule.

Anza na swali linalokuhusu wewe mwenyewe kabla ya vyeti: je, pasipoti yako inakubaliwa kwa kazi hiyo? Korea Kusini, kwa viza yake ya walimu wa lugha iitwayo E-2, kwa kawaida huchukua walimu wa Kiingereza wenye uraia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China hutaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka 2 au sifa ya ualimu inayokubaliwa badala yake. Vietnam na Thailand huwapokea pia walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, ila huenda ukatakiwa kuonyesha matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Nawaonea huruma watu wanaolipia mihuri 3 au 4 ndipo wanagundua kwamba mlango huo haukuwa wao tangu mwanzo.

Ukishajua mlango uko wazi, uliza mambo manne kwa kila hati: wanataka cheti halisi au nakala iliyothibitishwa, apostili (cheti cha uthibitisho nitakachokieleza Hatua ya 2) au mhuri wa ubalozi, hati isizidi umri gani, na umri huo unahesabiwa mpaka siku ya kuomba au siku ya kuingia nchini, na itafsiriwe kwa lugha gani, na nani. Andika majibu yao pamoja na tarehe uliyojibiwa.

Hatua ya 2: Jua njia yako, apostili au ubalozi

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Tarehe 5 Oktoba 1961 nchi kadhaa zilikubaliana, katika Mkataba wa The Hague, kuondoa mlolongo wa mihuri ya balozi na kuweka cheti kimoja kiitwacho apostili. Kikishawekwa na mamlaka ya nchi iliyotoa hati, nchi nyingine mwanachama hukipokea bila kukuuliza mhuri wa ubalozi. Ni kibandiko au karatasi ya mraba yenye vipengele 10 vilivyopewa namba, na juu yake lazima kuwe na maneno ya Kifaransa "Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)", hata kama sehemu nyingine zote zimeandikwa kwa lugha ya nchi husika. Kila apostili ina namba inayoingizwa kwenye rejista ya ofisi iliyoitoa, na nchi nyingi zimeiweka rejista hiyo kwenye intaneti. Ukipokea yako, ihakiki mwenyewe kabla ya kuituma. Ni dakika chache tu.

Apostili hutumika pale tu nchi zote mbili, iliyotoa hati na inayoipokea, ni wanachama. Orodha hiyo hubadilika, kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtu aliyesafiri miaka 5 iliyopita. Korea Kusini iliingia mwaka 2007, Burundi mwaka 2015, Saudi Arabia Desemba 2022, China Novemba 2023, Kanada Januari 2024 na Rwanda Juni 2024. Aliyepeleka shahada China mwaka 2022 alipita ubalozini, na leo shahada ileile kutoka nchi mwanachama hupita kwa apostili. Tena, mwanachama wa zamani anaweza kumkataa mwanachama mpya, na hapo mkataba haufanyi kazi kati ya hao wawili. Tovuti ya Kongamano la The Hague huonyesha pingamizi hizo, nchi kwa nchi.

Ikiwa mojawapo ya nchi hizo mbili si mwanachama, njia yako ni mlolongo wa zamani: notari (kwa kawaida wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nakala) au wizara ya elimu kwanza, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyotoa hati, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Mara nyingine kuna mhuri wa mwisho baada ya kufika, kwenye wizara ya mambo ya nje ya nchi ya kazi. Falme za Kiarabu hufuata utaratibu wa namna hii.

Kila mhuri kwenye mlolongo huo unathibitisha ule uliotangulia. Ubalozi haujui sahihi ya msajili wa chuo chako, unajua sahihi ya ofisa wa wizara ya mambo ya nje. Wizara nayo inamjua notari. Ukishaelewa hilo hutauliza tena kwa nini huwezi kuruka hatua. Wala usidhani kwamba mihuri hiyo, au apostili, inasema shahada yako ni ya kweli. Inathibitisha sahihi, cheo cha aliyesaini na mhuri wake, basi. Ndiyo maana waajiri wengine huandikia chuo moja kwa moja hata baada ya kuona apostili.

Hatua ya 3: Hati huhalalishwa ilikotolewa

Kama ulisoma nchi moja na sasa unaishi nyingine, shahada itarudi kwenye nchi uliyosomea. Ofisi ya mahali unapoishi haina mamlaka ya kuweka apostili kwenye cheti cha nchi nyingine. Kwa njia ya ubalozi ni hivyohivyo: unautafuta ubalozi wa nchi unayokwenda ulio katika nchi iliyotoa cheti.

Ndani ya nchi moja pia kunaweza kuwa na mamlaka zaidi ya moja. Marekani ni mfano mzuri. Cheti cha polisi kinachotolewa na FBI, idara ya upelelezi ya taifa, ni hati ya serikali kuu, kwa hiyo huenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, lakini nakala ya shahada iliyosainiwa na notari wa jimbo huenda kwa mamlaka ya jimbo hilohilo. Watu hupeleka cheti cha FBI jimboni kwa kuwa ndiko karibu, nacho hurudishwa.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: mkataba wa apostili hauhusu hati zilizosainiwa na maofisa wa ubalozi au konseli. Barua uliyoandikiwa na ubalozi wa nchi yako haiwezi kupewa apostili. Kama ofisi ya uhamiaji inaitaka barua hiyo, waulize wataipokea kwa njia gani kabla hujailipia.

Hatua ya 4: Kusanya hati, ukianza na inayochelewa

Anza na shahada, kwa sababu yenyewe haizeeki na mara nyingi ndiyo inayochukua muda. Usiiwekee plastiki ya moto. Cheti kilichofunikwa plastiki hakigongeki mhuri, na kuitoa plastiki hiyo mara nyingi huharibu karatasi. Kama yako tayari imefunikwa, omba chuo kikupe nakala nyingine halisi, au tumia nakala iliyothibitishwa pale inapokubaliwa.

Transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zako, omba pamoja na shahada. Baadhi ya programu za serikali huitaka ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri na chuo. Bahasha hiyo usiifungue hata kwa kutaka kuhakikisha yaliyomo. Omba mbili: moja ya kufungua, moja ya kutuma.

Cheti cha kufundisha Kiingereza, iwe TEFL, TESOL au CELTA, hutakiwa kwa kawaida kionyeshe angalau saa 120. Kabla ya kulipia kozi, uliza kama nchi unayokwenda itadai cheti hicho kihalalishwe, na kama mtoaji wake yuko katika nchi ambayo wewe unaweza kupata uhalalishaji. Cheti cha intaneti kutoka kampuni iliyosajiliwa mbali kinaweza kuwa kizuri darasani na kikakusumbua sana wizarani. CELTA, ambayo hutolewa na Cambridge na ina mazoezi ya kufundisha wanafunzi halisi, huhitaji maelezo machache mbele ya mwajiri.

Cheti cha polisi kiwe cha mwisho. Nchi nyingi hukitaka kisizidi miezi 6, na wengine miezi 3. Kiwe cha ngazi ya taifa, si cha mkoa au jiji, isipokuwa umeambiwa vingine. Kama umeishi nchi nyingine kwa muda mrefu, jiandae kuombwa cheti cha huko pia, na hicho huweza kuchelewa sana kwa sababu alama za vidole mara nyingi husafiri kwa posta.

Katika hatua hii linganisha majina. Pasipoti ikiwa na majina matatu na shahada mawili, au jina limebadilika baada ya ndoa, andaa kiapo cha majina au cheti cha ndoa na ukihalalishe pamoja na vingine. Herufi moja iliyopotea inatosha kuzuia faili. Pasipoti nayo iwe na muda wa kutosha wa kumaliza mkataba, kwa sababu kubadilisha namba ya pasipoti katikati ya maombi kunavuruga kila fomu.

Hatua ya 5: Notari, kisha wizara, kisha ubalozi

Peleka cheti halisi na nakala kwa notari. Kabla ya kumlipa, mwulize kama sahihi yake imesajiliwa kwenye ofisi inayofuata. Wakili mzuri ambaye sahihi yake haimo kwenye orodha yao ni safari ya bure.

Ukitoka hapo nenda kwenye mamlaka ya apostili, au wizarani na kisha ubalozini. Ukirudishiwa hati, utakuta karatasi zimeunganishwa kwa pini, utepe au lakiri. Usizitenganishe. Wengi hubandua pini ili waskani vizuri, na hapo ofisa anayepokea ana haki ya kusema hajui kama apostili hiyo ilikuwa ya hati hii au ya nyingine. Kunja ukurasa taratibu na uskani hivyohivyo.

Tafsiri ifanyike baada ya mihuri yote, ili mtafsiri aitafsiri na mihuri yenyewe. Lakini uliza kwanza, kwa sababu Vietnam, kwa mfano, tafsiri kwa kawaida hufanywa na kuthibitishwa hukohuko nchini baada ya hati kuhalalishwa. Ukitafsiri mapema utalipa mara mbili.

Hatua ya 6: Tuma kwa tahadhari

Skani kila hati pande zote mbili, pamoja na upande wa nyuma wenye mhuri, na umtumie mwajiri aikague kabla ya kutuma karatasi yoyote. Cheti halisi cha shahada kisiondoke mikononi mwako kama nakala iliyothibitishwa inatosha. Pasipoti hutumwa au hupelekwa kwenye ubalozi au kituo cha viza, haiendi kwa wakala wala shuleni. Na anayekuambia uingie kwa viza ya utalii uanze kufundisha huku karatasi "zikishughulikiwa" anakuweka wewe kwenye hatari. Kesi ya kufanya kazi bila kibali itakuwa na jina lako, na faini au kufukuzwa nchini kutakuangukia wewe.

Korea Kusini, mwajiri huomba namba ya kuidhinisha viza kisha wewe unaipeleka ubalozini. China, unapewa kwanza barua ya taarifa ya kibali cha kazi, na kwa barua hiyo ndipo unaomba viza ya Z, yaani viza ya kazi. Kote kuwili, tarehe ya kuanza kazi isikufanye ununue tiketi kabla viza haijabandikwa.

Siku ya kusafiri beba hati zote kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya bahasha ngumu isiyokunjika. Ukifika, saa inaanza kuhesabu upya: anayeingia China kwa viza ya Z ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na Korea Kusini una siku 90 za kujisajili kama mgeni mkaazi. Vipimo vya afya hufanywa katika kipindi hichohicho, kwa kawaida kwenye hospitali zilizoteuliwa, kwa hiyo usiharakishe kulipia vipimo kabla ya safari kama hukuambiwa.

Baada ya hapo tunza kila kitu. Apostili yenyewe haina tarehe ya kuisha, kinachozeeka ni hati iliyo chini yake. Ukibadilisha shule mwaka wa pili, shahada yenye apostili ileile huenda ikatumika tena. Cheti cha polisi, mara nyingi, utaagiza kipya.