Somo: Kuanza dragi resi na piki yako hiyo hiyo ya kawaida

Hamjambo wadau. Kila wiki kuna mtu ananiuliza, kaka nataka kuingia dragi, ninunue R1 ama Hayabusa, zile piki kubwa za mbio? Mimi nauliza, sasa hivi uko na nini? Boxer ya boda. Basi anza na hiyo hiyo. Dragi ni piki mbili kwenye mstari ulionyooka, mita 402 (robo maili) ama nusu yake mita 201, na mara nyingi mambo yanaishia kwenye mita 18 za kwanza, gia ya pili hata haijaingia. Kama hujui kuachia klachi kwa Boxer hutaijua kwa Hayabusa, tofauti ni kwamba Boxer itakuaibisha na Hayabusa itakuvunja.

HATUA YA 1: UWANJA

Barabarani hapana. Nasema hivi mimi niliyefanya huo upuzi kwa lami ya barabara ya Bombo usiku, nikapishana na boda isiyo na taa kwa nafasi ya shubiri moja hivi, mpaka leo nikikumbuka jasho linatoka. Ulizia FMU, ndio wasimamizi wa michezo ya mota hapa Uganda, wakuelekeze klabu na mambo ya leseni. Ukipata uwanja, kabla ya kuangalia pa kuanzia angalia mkia, yaani pale pa kusimamia. Kama ni mita 201 za mbio, mimi nataka mkia usiopungua mita 300, bila kona, bila changarawe, bila watoto wanaokimbia kuona nani ameshinda.

HATUA YA 2: NGUO

Helmeti ya kufunika uso mzima, mkanda umefungwa, na usinunue ya mtumba kwa sababu hujui ilishaanguka mara ngapi. Ila jaketi la ngozi nenda Owino, soko la mitumba la Kampala, ukiamka mapema utapata zito la kweli. Glavu, buti zinazopita kifundo cha mguu. Ndala nikiziona uwanjani narudi nyumbani.

HATUA YA 3: PIKI

Hapa watu wanakimbilia kuongeza nguvu, na mimi nasema kaza kwanza ulichonacho. Breki, beringi za magurudumu, kamba ya eksileta irudi yenyewe ukiiachia, oili isivuje. Halafu cheni. Fundi mmoja (simtaji) alinifungia cheni mpya akaweka ile klipu ya kuungia kinyumenyume. Klipu ina upande uliofungwa na upande wenye mdomo, ule uliofungwa ndio unatangulia kule cheni inakokwenda. Yangu ilikuwa mdomo mbele, ikachomoka gia ya tatu, cheni ikapiga kava ya injini ikaipasua, oili yote kwenye tairi ya nyuma. Sikuanguka, sijui hata kwa nini. Tangu hapo klipu naangalia mwenyewe, kwa tochi.

Ukitaka piki iruke haraka kwa pesa kidogo, badilisha sproketi ya mbele (ile gia ya meno inayozungusha cheni). Mfano ukiwa na meno 14 mbele na 42 nyuma uwiano ni 3.00, ukiweka 13 mbele unapata 3.23, inavuta vizuri zaidi kutoka chini lakini spidi ya mwisho inapungua, kwa hiyo angalia injini isiishiwe pumzi kabla ya mstari.

HATUA YA 4: KUTOKA

Hii ndio dragi yenyewe, soma polepole. Kaa mbele, kifua karibu na tangi, miguu yote miwili chini. Gia ya kwanza, klachi imeshikwa, piga resi katikati, sio mpaka ilie. Sasa achia klachi taratibu mpaka usikie mlio wa mota umeshuka kidogo na nyuma ya piki inataka kuchuchumaa, hapo ndipo inaposhikia, kila piki ina mahali pake na utapajua kwa vidole tu. Ukienda unaachia kilichobaki huku unaongeza mafuta, vitu viwili kwa wakati mmoja, sio PAA! Ukiachia ghafla ama mota inazima, ama gurudumu la mbele linapaa na wewe unapunguza mafuta, na ukishapunguza mwenzako ameenda.

Pima mita 18 kwa futi ya fundi, weka alama ya chokaa, mtu asimame pembeni akurekodi na simu. Simu ya picha 60 kwa sekunde, kila picha ni kama sekunde 0.017, unahesabu tu kutoka gurudumu lianze kusogea. Rudia mara kumi na uandike. Usitafute ile moja nzuri, tafuta kumi zinazofanana.

HATUA YA 5: TAA

Mti wa taa, yaani nguzo ya taa za kuanzia, unashuka, njano tatu kila moja sekunde 0.5 baada ya mwenzake, halafu kijani. Ukingoja uione kijani umechelewa, wenye uzoefu wanaondoka kwenye njano ya mwisho. Ukiwahi mno, nyekundu, umepoteza. Na saa ya mwendo haianzi kijani ikiwaka, inaanza piki ikisogea. Ndio maana tuseme wewe umekimbia 12.10 lakini uliitikia taa kwa 0.15, mwenzako 12.18 na aliitikia kwa 0.04. Jumla wewe 12.25 yeye 12.22. Ana piki ya polepole kuliko yako na amekushinda, usimtukane fundi wako.

MASWALI YA WANACHAMA

Boda wa Arua: Kaka, naona Wamarekani wanatoa upepo tairi ya nyuma. Na mimi nitoe?

Jibu: Wale wana tairi pana zisizo na tyubu. Tairi yako nyembamba yenye tyubu ukiitoa upepo sana itateleza kwenye rimu, inavuta tyubu na kung'oa mdomo wake wa kujazia upepo. Acha upepo wa kawaida, fagia mchanga pale unapoanzia.

Dada wa Busia: Nina kilo 52, wanaume hapa wananicheka. Nitaweza?

Jibu: Dada yangu, kwa piki ndogo hiyo ni zawadi. Anayekucheka ana kilo 85 na mota ni ile ile, mwambie mpange mstari.

Afande mstaafu: Kijana wangu, mimi nina cc 100, jirani ana 200. Tutashindana vipi kwa haki?

Jibu: Shikamoo mzee. Kila mmoja anaandika muda anaotegemea kukimbia. Wewe ukiandika 14.00 na yeye 11.50, taa yako inawaka sekunde 2.50 kabla ya yake. Lakini ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, unapoteza, kwa hiyo usidanganye. Mkikimbia haraka kuliko mlivyoandika wote wawili, aliyezidisha kidogo ndiye anashinda.

Kijana wa Kabale: Piki ilikuwa sawa Kampala, huku inatoa moshi mweusi, haivuti.

Jibu: Kampala ni kama mita 1,200, nyinyi mko juu ya 1,800. Hewa ni nyepesi, kabureta inamwaga petroli ile ile, mchanganyiko unazidi mafuta. Fungua plagi, ikiwa nyeusi kama masizi ya sufuria, weka jeti (kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi. Nguvu kidogo utapoteza tu, hapo hakuna dawa.

Ssebo Mmoja: Naweza kurefusha mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, pale kwa mafundi wa Katwe, piki isinyanyuke mbele?

Jibu: Katwe wanachoma vizuri sana, geti langu limetoka kwao, ila weldi ya mkono wa piki ikiachia uko spidi 90 huna pa kushika. Shusha foku za mbele milimita 20 kwanza, halafu bonyeza piki kwa nguvu uone tairi haigusi madigadi.