Somo: Kubadili picha kutoka fomati moja kwenda nyingine bila kuiharibu

Wakuu, tuanze na kosa linalowasumbua wengi. Mtu ana picha ya PNG, anaambiwa atume JPG (hizi ni fomati, yaani aina za faili la picha), basi anafuta "png" kwenye jina la faili anaandika "jpg". Hapo kilichobadilika ni jina tu. Ndani faili ni lilelile. Picha lazima ifunguliwe na programu, kisha ihifadhiwe upya.

Hatua ya 1: Nakili picha ya asili, uiweke folda ya peke yake. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Hatua ya 2: Chagua fomati kulingana na kilichomo kwenye picha. Hapa msiharakishe. JPG hubana faili kwa kutupa taarifa ambazo jicho halizioni kirahisi, kwa hiyo inafaa sana picha za kamera. Kwa maandishi haifai kabisa: vuta karibu skrinshoti iliyohifadhiwa kwa JPG, utaona ukungu wa vidoa umezunguka kila herufi. Tena kila ukiihariri na kuihifadhi upya, inatupa kingine. PNG haitupi kitu, na inabeba sehemu zisizo na rangi, ndiyo maana nembo na skrinshoti hukaa humo. GIF inaishia rangi 256, iachieni vikatuni vinavyocheza. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ina faili dogo na inafaa tovuti, ila programu za zamani haziifungui.

Hatua ya 3: Badili. Kwenye Windows fungua picha kwa Paint, nenda File, kisha Save as, chagua fomati. Kwenye Mac tumia Preview: File, halafu Export. Mnaotumia GIMP (programu ya kuhariri picha), tumieni Export As. Ukibonyeza Save utapata faili la XCF, fomati ya GIMP yenyewe, ambalo wengi hawataweza kulifungua.

Mwenye picha nyingi asakinishe ImageMagick (programu ya kubadili picha kwa kuandika amri), aingie kwenye folda ya picha kwa dirisha la amri, aandike:

magick mogrify -format jpg -quality 85 *.png

Zitatokea JPG mpya pembeni ya PNG zako. Usisahau -format, maana bila hiyo mogrify huandika juu ya picha zako zilezile.

Hatua ya 4: Fungua picha mpya, ikuze, ilinganishe na ya asili.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, nikigeuza JPG kuwa PNG ubora utapanda?
Hapana. Kilichokwisha kutupwa hakirudi. Utapata faili kubwa zaidi lenye kasoro zilezile. Tafuta picha ya asili.

Nembo yangu haikuwa na rangi nyuma, sasa kwenye JPG imekuwa nyeusi. Nifanyeje?
JPG haijui uwazi (sehemu zisizo na rangi), lazima pajazwe rangi. Ukitaka nyeupe:
magick nembo.png -background white -flatten nembo.jpg
Ila kama hujalazimishwa JPG, bakia na PNG.

Picha za iPhone zinakuja kwa fomati ya HEIC, kompyuta yangu haizifungui.
Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Zitakazopigwa kuanzia hapo zitakuwa JPG. Za zamani itabidi uzibadili.

Vipi zile tovuti za kubadilisha bure?
Zinafanya kazi, lakini picha yako inapakiwa kwenye seva ya mtu mwingine. Kitambulisho, vyeti na picha za watoto badilishia kwenye kompyuta yako mwenyewe.